Kosa la Mama Subiri ni Kukagua

Jumapili mchana, hospitali imepoa. Kliniki zimefungwa, mabenchi ya mapokezi ni matupu, na harufu ya dawa ya kusafishia sakafu imejaa korido nzima. Mwishoni mwa korido kuna mlango wenye kibao kilichoandikwa MASHUKA. Nyuma ya mlango huo hakuna shuka hata moja. Kuna mashine mbili zinazonguruma, kiti chenye mguu uliofungwa waya, na mwanamke wa makamo aliyevaa koti zito kwa baridi ya kiyoyozi, ilhali nje jua linawaka.

Anakunywa chai ya rangi kwa mkate mkavu. Macho yake hayabanduki kwenye skrini, ambako namba zinapanda polepole. Simu inaita, anaitazama, anaiacha iite mpaka ichoke.

"Huyo ni katibu muhtasi wa mkurugenzi," anasema. "Ananikumbusha kwamba kesho wanakuja kumchukua Bibi. Kana kwamba nimesahau."

Bibi si mtu. Ni ile mashine ya pili, kuukuu, iliyo chini ya meza, imevuliwa mfuniko na kufungiwa feni kubwa kuliko tumbo lake. Habari zake zinakuja. Kwanza tumjue mwenye koti.

Hospitali nzima inamwita Mama Subiri. Alipewa jina hilo na wauguzi, na halikuwa la mapenzi. Kompyuta za wodini zikiganda, watu humpigia simu wakiwa wamepandwa na hasira, naye hujibu vilevile kila mara: "Subiri kidogo, naangalia." Wagonjwa kwenye foleni wamelidaka. Siku moja mzee mmoja alimsimamisha getini akamwambia, "Mwanangu, wewe ndiye Subiri? Basi tumekusubiri sana." Alicheka pamoja naye, akaenda kulia chooni.

Kazi yake ni kutunza sava, yaani ile kompyuta kubwa inayobeba kila kitu ambacho hospitali inakijua kuhusu mgonjwa: amelazwa lini, anatumia dawa gani, damu yake ni ya kundi gani, dawa ipi ikimwingia mwilini itamuua. Daktari akibonyeza jina lako, sava ndiyo inayojibu. Isipojibu, daktari anabaki anakutazama usoni, nawe unamtazama.

Kutunza sava kuna mambo mengi, lakini mawili ndiyo yaliyomfikisha Mama Subiri mbele ya kamati ya nidhamu. La kwanza ni hifadhi ya muda. La pili ni ukaguzi. Nilimwomba anieleze mimi, mwandishi wa habari, kama anavyomweleza mama yake, akaweka kikombe chini.

"Jikoni kwako una kabati na una meza," alisema. "Kabati ni la kuhifadhi. Meza ni ya kukatia vitunguu, ukimaliza unapangusa. Sava nayo ni hivyo. Kumbukumbu za wagonjwa ziko kabatini. Hifadhi ya muda ndiyo meza. Kila daktari akiomba kitu, sava inakatia pale, inampa, inapangusa. Na ukiizima ukaiwasha, meza yote inasafishwa yenyewe, inaanza upya."

"Na ukaguzi?"

"Diski zinazeeka, kama sisi. Ukurasa mmoja unaweza kuharibika usijue. Kwa hiyo kila wiki unaiambia sava isome kurasa zote, wa kwanza mpaka wa mwisho, ikuambie upi umeoza. Ukiujua mapema, unachukua nakala ya akiba iliyo nzima, unaurudisha, mambo yamekwisha. Ila ukaguzi nao unahitaji meza. Meza ikijaa, haufanyiki."

Basi, meza imejaa. Na aliyeijaza si mgonjwa, si muuguzi, wala si daktari.

Ukiingia mlango mkuu wa hospitali hii, kitu cha kwanza kukuona ni tivii kubwa iliyotundikwa ukutani juu ya mapokezi. Nasema kukuona kwa sababu inawaka kama macho, mchana na usiku. Inaonyesha duara na vijiti vya rangi: wagonjwa waliohudumiwa, vitanda vilivyojaa, tabasamu la mkurugenzi wa utawala pembeni. Wageni wakija, husimamishwa mbele yake wakapigwa picha. Wagonjwa walioketi chini yake hawaelewi hata kijiti kimoja, na hakuna aliyejisumbua kuwaeleza.

Ripoti hiyo ilitengenezwa na mtaalamu wa kukodi. Alihitaji nafasi ya kudumu kwenye sava, yaani rafu yake kabatini. Mama Subiri alikuwa ameshaomba diski nyingine siku nyingi, na ombi lilikuwa linapigwa danadana kati ya ofisi na ofisi. Mtaalamu hakuwa na muda wa kusubiri. Akaiweka ripoti yote kwenye hifadhi ya muda, akachukua chake, akaondoka.

"Alihamishia kitanda chake juu ya meza ya jikoni," anasema Mama Subiri. "Na godoro, na mito, na neti."

Kilichofuata kingechekesha kama si hospitali. Sava ilipozimwa na kuwashwa, kama inavyotakiwa kufanyiwa mara kwa mara, meza ilisafishwa, na ripoti ikafutika. Siku hiyo mkurugenzi alikuwa amesimama na wageni chini ya tivii. Alipata aibu, na aibu ya bosi huwa haipotei bure. Mtaalamu aliitwa akaijenga ripoti upya, palepale juu ya meza, na likatoka agizo: sava isizimwe tena bila idhini ya mkurugenzi. Idhini haijapata kutolewa hata mara moja.

Ripoti ikaendelea kunenepa. Meza ikabaki upenyo. Kompyuta za wodini zikawa zinaganda kila asubuhi, na Mama Subiri akawa anatukanwa kila asubuhi. Ukaguzi wa kila wiki ukawa unaanza, unakosa nafasi, unakatika njiani, na kutuma ujumbe mwekundu kwa wakubwa: haujakamilika, makosa. Mkurugenzi akachoshwa na ujumbe mwekundu. Likatoka agizo la pili: ukaguzi usimamishwe, kwa kuwa unaleta makosa.

Msomaji, isome tena sentensi hiyo. Ukaguzi usimamishwe kwa kuwa unaleta makosa. Mtoto ana homa, mzazi anavunja kipimajoto, kisha anarudi kulala. Na huyo mzazi ana gari la ofisi, dereva, na katibu muhtasi wa kupiga simu Jumapili.

Bado hawakutosheka. Kompyuta za madaktari nazo zilikuwa zikishindwa kusoma ukurasa zinaandika kwa herufi kubwa kwamba kuna hitilafu. Ikasemwa maneno hayo yanatisha wagonjwa. Mtaalamu akalipwa tena, akayaondoa. Tangu hapo mfumo ukishindwa kusoma, hausemi chochote. Unaonyesha nafasi tupu, nyeupe, safi, kama vile hapakuwa na kitu.

Hapo ndipo anapoingia Bibi.

Zamani Bibi ndiye aliyekuwa sava ya hospitali. Alistaafishwa, akatupwa stoo chini ya vitanda vilivyovunjika, mende wakamfanya nyumba. Mama Subiri alipokatazwa kukagua, alikwenda stoo, akamtoa, akampuliza vumbi kwa mdomo mpaka kifua kikambana. Feni yake ilikuwa imekufa. Mume wa Mama Subiri, fundi wa majokofu, alimfungia feni ya jokofu la soda.

"Nilimwambia mke wangu, hiki si kifaa, hiki ni bibi yako," mume wake aliniambia nyumbani kwao, huku akipangusa grisi mikononi. "Anatetemeka, anakoroma, na hasikii haraka ya mtu. Lakini ukimwasha anaamka."

Kuanzia hapo Jumapili za Mama Subiri zikawa za Bibi. Anachukua nakala ya akiba ya sava, anaifungua ndani ya Bibi, anaikagua humo. Kama nakala imeoza, maana yake sava imeoza. Kama ni nzima, anaitunza. Hakuna kinachotoka nje ya chumba hiki, na sava kubwa haiguswi. Ni njia ndefu, na kwa mashine kongwe kiasi kile inakula mchana mzima. Analipwa siku hizo? Nilipomuuliza, alinitazama kama vile nimemuuliza kama analipwa kwa kupumua.

"Mimi nimejifungua watoto wangu wote hapa," alisema. "Mama yangu anahudhuria kliniki ya presha hapa. Mafaili yetu yamo humu humu. Sasa nikae nyumbani nifue nguo, huku sijui ndani kuna nini?"

Si mwanamke mpole. Watu wanaopenda hadithi za wanyonge watavunjika moyo. Ana shahada yake, ana sauti inayovuka korido mbili, na amewahi kumfungia mtaalamu wa kukodi ndani ya chumba hiki mpaka amjibu swali lake. Mtaalamu alitoka anatetemeka, hajui kama ni baridi au ni yeye.

Miezi kadhaa iliyopita, Bibi alitoa mistari myekundu. Kurasa zilizooza zilikuwa za maonyo ya dawa, yaani pale panapoandikwa mgonjwa huyu asipewe dawa fulani. Mama Subiri aliandika taarifa siku hiyohiyo. Alijibiwa kwamba aache kutisha watu kwa kompyuta ya takataka. Akaandika tena. Akaambiwa suala linashughulikiwa. Akaenda ofisini mwenyewe, akaambiwa mkurugenzi yuko kikaoni, na aliisikia sauti yake ikicheka nyuma ya mlango.

Wakati suala "linashughulikiwa", aliletwa hospitalini fundi cherehani mmoja mwenye homa kali.

Nilimkuta kibarazani kwake, miguu juu ya pedali, gauni la shule limetandazwa mapajani. Ana mashavu laini, anaongea haraka, hapendi kuhurumiwa.

"Nililetwa sijitambui," alisema. "Muuguzi akaja na sindano. Binti yangu akamuuliza, 'Dada, hiyo ni dawa gani?' Alipoitaja tu, binti yangu akamshika mkono. Mimi dawa hiyo nikipewa, koo linafunga. Ilishanitokea zamani, hapohapo hospitalini kwao. Daktari wao mwenyewe ndiye aliyeniandika nisipewe tena. Muuguzi akasema, 'Mbona kwenye kompyuta hamna kitu?' Akamgeuzia binti yangu skrini aone. Ni kweli, palikuwa peupe."

"Ulielezwa ni kwa nini?"

"Niliambiwa nimshukuru Mungu." Alikanyaga pedali, cherehani ikakimbia kidogo, ikasimama. "Ninamshukuru. Lakini asubuhi ile binti yangu alitaka kwenda sokoni kwanza, ndipo aje. Kabla sijapoteza fahamu nilimgombeza nikamwambia anifuate. Kwa hiyo kilichoniokoa ni ugomvi wangu mimi na mwanangu. Hospitali haikuniokoa."

Muuguzi hana kosa. Aliangalia pale alipofundishwa kuangalia. Binti alikuwapo. Na yule mgonjwa ambaye hana binti? Swali hilo nililibeba nikalipeleka kwa mkurugenzi wa utawala kwa njia ya simu. Alikuwa mchangamfu.

"Mfumo wetu ni wa kisasa," alisema. "Wageni wanatoka mbali kuja kujifunza kwetu. Wiki hii tunao wengine. Mfanyakazi mmoja asiyefuata taratibu hawezi kutuchafulia jina."

Nilimuuliza sava ilikaguliwa lini mara ya mwisho.

"Hilo ni la kiufundi. Muulize fundi."

Nikamwambia fundi ndiye waliyemwandikia barua ya kujieleza. Akasema ana kikao.

Naam, barua. Baada ya mkasa wa fundi cherehani, Mama Subiri aliyarudisha maonyo yote yaliyopotea, moja moja kwa mkono, kutoka kwenye nakala nzima aliyokuwa ametunza kwa Bibi. Ungetarajia ashukuriwe. Badala yake aliandikiwa kwamba ametumia bila kibali kifaa kilichofutwa kwenye orodha ya mali, amekaidi agizo la kusimamisha ukaguzi, na amezusha taharuki. Jumanne anasimama mbele ya kamati. Jumatatu, yaani kesho, Bibi anarudishwa stoo, na safari hii atauzwa kama vyuma chakavu.

"Mume wangu ananiambia niombe radhi," alisema, akivuta koti. "Anasema watoto wanakula. Namwelewa. Nikimwaga unga hapa, nani ataniajiri? Watauliza kwa nini niliondolewa, na jibu litatoka kwa huyohuyo. Lakini niombe radhi ya nini? Ya kuangalia?"

Tulikuwa tumefika hapo kwenye mazungumzo wakati Bibi aliponyamaza. Feni ya jokofu ilipunguza mwendo. Kwenye skrini namba zilikuwa zimesimama, na chini yake palikuwa na mistari myekundu.

Mama Subiri aliinama, akaisoma yote, akarudi juu akaisoma tena. Kisha akaweka mkono juu ya mdomo.

"Kliniki ya wajawazito," alisema. "Makundi ya damu."

Jumatatu ndiyo siku ya kliniki hiyo. Nilimwomba anionyeshe maana yake. Aligeukia kompyuta ya kawaida, akafungua jina moja, na mahali pa kundi la damu palikuwa peupe. La pili, peupe. La tatu lilikuwa na herufi, la nne peupe tena. Mama akitoka damu wakati wa kujifungua, hakuna anayetaka kuanza kupima upya, muda huo haupo.

Nakala ya akiba iliyo nzima ilikuwepo, ya Jumapili iliyopita, ambayo Bibi aliipitisha. Tatizo lilikuwa meza. Safari hii uharibifu ni mkubwa, haurekebishiki kwa mkono. Lazima sava izimwe, iwashwe, meza iwe tupu, ndipo kurasa zirudishwe na kukaguliwa. Na sava ikizimwa, ripoti ya tivii inafutika.

Alimpigia mkurugenzi, akaweka sauti ya wazi, akanitazama ili nijue kwamba anataka shahidi.

"Bosi, samahani kwa Jumapili. Kumbukumbu za wajawazito zimeharibika. Naomba kibali nizime sava sasa hivi, wodi zimetulia."

"Umejuaje?"

"Nimekagua."

"Kwa kile kifaa?"

"Kwa kile kifaa."

"Na ripoti?"

"Itafutika. Kinachofutika ni picha tu, bosi, hesabu zenyewe zipo, zitajengwa tena."

"Wageni wanafika Jumatano. Wewe subiri mpaka waondoke, ndipo uzime."

Mama Subiri alicheka, cheko kavu lisilo na raha. "Leo ni wewe unayeniambia mimi nisubiri?"

Simu ilikatwa. Alibaki ameishika hewani. Nimefanya kazi hii ya uandishi kwa muda mrefu, nimesikia viongozi wakisema mambo mengi ya kukera, lakini mara nyingi husema mbele ya kipaza sauti, wakiwa wamejipanga. Huyu alilisema akiwa nyumbani kwake, bila hata kupandisha sauti, kama mtu anayeahirisha kupaka rangi ukuta.

Mama Subiri alimpigia daktari wa zamu. Alikuja mwenyewe, mwanamke mwembamba, kandambili za wodini miguuni, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Akasimama nyuma ya kiti akaonyeshwa jina la kwanza, la pili, la nne.

"Nikiwa na mama anatoka damu," aliuliza, "nikafungua hapa, nitaona hivi?"

"Utaona hivi, Daktari."

"Wapo wengi?"

"Wengi wa kutosha."

Daktari alivua miwani, akaipangusa kwa pindo la koti, akaivaa. "Zima."

"Nina agizo nisizime. Utaandika kwamba ni wewe uliyesema?"

"Nitaandika na nitasaini. Zima, mama."

Hata hapo hakukurupuka. Alipiga simu wodi baada ya wodi. "Wodi ya upasuaji, andikeni kwenye karatasi mpaka niwapigie. Watoto, karatasi. Mapokezi ya dharura, karatasi, na mkija na maswali mje mmoja mmoja." Wa mwisho kumjibu aliuliza, kwa sauti ya mtu aliyezoea, kama watasubiri sana. Alisema si sana.

Kisha akabonyeza. Mngurumo ambao nilikuwa nimeshauzoea ulikatika, na chumba kikawa kimya mpaka nikasikia maji kwenye bomba la ukutani. Daktari alikuwa ameegemea mlango, amekunja mikono. Taa za sava zilizimika, zikakaa hivyo, zikaanza kurudi moja moja.

Mlinzi wa mlango mkuu alichungulia. "Mama Subiri, samahani. Ile tivii kubwa imekuwa nyeusi. Niiguse popote?"

"Iache ipumzike, ndugu yangu. Imefanya kazi sana."

Meza ilikuwa tupu. Alirudisha kurasa kutoka kwenye akiba ya Jumapili iliyopita, na akina mama walioandikishwa ndani ya wiki akawajaza kutoka kwenye rejista ya kliniki, daktari akimsomea, yeye akiandika. Alipomaliza alifanya kitu alichokatazwa. Aliwasha ukaguzi kwenye sava yenyewe. Ulikimbia wote, mwanzo mpaka mwisho, haukukatika popote. Chini kabisa paliandikwa kwamba hakuna kosa.

Nilidhani atafurahi. Alivua koti akalitupa kitini.

"Umeona muda uliochukua?" aliniuliza. Alikuwa anapaza sauti, na hakuwa ananipazia mimi. "Umeona? Mchana mmoja. Jua halijazama bado. Kazi yenyewe ndiyo hii. Miezi yote wamenikatalia mchana mmoja. Yule mama wa cherehani angekufa kwa sababu ya mchana mmoja. Na Jumanne mimi ndiye nitakayesimama, wao watakaa, kutakuwa na maji ya chupa mezani, na wataniuliza kwa nini nilimtoa Bibi stoo bila kibali."

Daktari alimshika bega. Hakumwambia atulie, na nadhani alifanya vizuri.

Jumatatu asubuhi nilirudi. Tivii ya mapokezi ilikuwa nyeusi, na kwa mara ya kwanza watu walioketi chini yake walikuwa wanaitazama. Foleni ya wajawazito ilikuwa imefika hadi kwenye korido ya chumba cha MASHUKA. Kompyuta za wodini hazikuganda. Hakuna muuguzi aliyempigia Mama Subiri simu, jambo ambalo alisema limemtia wasiwasi kidogo.

Lakini ofisi ilikuwa imeshampigia. Barua ya pili inaandaliwa. Alinieleza hivyo huku akimimina chai, hasira ya jana imekaa chini, haijaondoka.

Nilimuuliza atasema nini mbele ya kamati.

"Sitaomba radhi," alisema. "Nitaomba mambo mawili. Diski, ili ripoti yao ipate rafu yake na meza ibaki meza. Na ukaguzi uandikwe kwenye kanuni za hospitali, ili asitokee tena mtu wa kuusimamisha kwa sababu ameamka vibaya. Daktari haombi kibali cha kunawa mikono. Hakuna bosi anayeweza kumwambia asinawe wiki hii kwa sababu kuna wageni. Na mimi nataka hivyohivyo. Wakinifukuza, wanifukuze, lakini atakayekalia kiti hiki asikalie moto ninaoukalia mimi."

"Na Bibi?"

Kabla hajajibu, mlango ulifunguliwa. Walikuwa wabeba mizigo wawili wa stoo, wanaume wazima, na toroli la chuma. Aliyetangulia, mwenye mvi, alivua kofia.

"Habari za asubuhi, mama. Tumetumwa kumchukua Bibi."

"Nzuri, baba. Karibuni." Mama Subiri alisogeza kiti ili waone chini ya meza. Feni ya jokofu ilikuwa inazunguka, namba zinapanda polepole kwenye skrini. "Anakagua nakala ya jana, baada ya matengenezo. Hajamaliza. Nikimzima sasa, sitajua kama akiba ya wajawazito wa leo ni nzima. Subirini kidogo."

Mwenzake alimtazama mwenye mvi. "Mzee, tumeambiwa tumpeleke mara moja."

Mwenye mvi alikuwa amegeuka, anatazama korido, foleni ya kina mama walioshika viuno, mmoja wao akimpungia mkono. Naye alimpungia. Kisha akalipindua toroli, akalikalia.

"Binti yangu yuko pale," alisema. "Acha amalize. Tutasubiri."